Paka amechana sofa: Ubadili kitambaa au ununue mpya? Mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela

Kigoma. Pembe za kochi zimetoka nyuzi, sponji inachungulia kwenye mkono wa kiti, na mgeni akipiga hodi mama mwenye nyumba anakimbilia kutandika khanga ili kuficha. Kwa familia za Buzebazeba zinazofuga paka ili kupunguza panya, hali hiyo si ngeni. Swali linalofuata huwa moja: fundi abadilishe kitambaa, au seti nzima iondoke inunuliwe nyingine?

Ni swali la hela nyingi. Sofa ni kati ya vitu vya gharama kubwa sebuleni, na wapo wanaofikia kukopa mikopo ya "kausha damu" ili kuondoa aibu ya kitambaa kilichochanika, wakati mbao za ndani bado nzima kabisa. Wengine hufanya kinyume: wanamlipa fundi, kitambaa kipya kinang'aa mwezi mmoja, kisha kochi linavunjika mguu kwa sababu ndani mchwa walishakula.

Makosa yote mawili yanatoka sehemu moja: kuamua kwa kuangalia kitambaa. Kucha za paka huishia juu juu. Kinachoamua kama sofa itengenezwe au iachwe ni vitu vitatu visivyoonekana ukiwa umekaa: mbao, sponji na mkojo.

KWA KIFUPI

- Kitambaa kimechanika lakini mbao ni nzima: badilisha kitambaa.
- Sponji imebonyea lakini mbao ni nzima: badilisha sponji na kitambaa kwa pamoja, usilipe fundi mara mbili.
- Mbao zimeliwa na mchwa, au fremu ni ya MDF iliyovimba kwa maji: usiweke hela hapo, tafuta nyingine.
- Mkojo umefika kwenye sponji: sponji hiyo itoke. Kuifunika hakuondoi harufu.
- Paka hajazoeshwa kukwarua kwingine: usibadilishe wala usinunue chochote kwanza.

KWA NINI PAKA ANACHAGUA SOFA

Paka hachani kochi kwa ubaya wala kwa kukomoa mtu. Anafanya mambo matatu kwa wakati mmoja: anatoa ganda la nje la kucha lililozeeka, ananyoosha mgongo na mabega, na anaacha harufu yake kupitia tezi zilizo kwenye viganja vya miguu. Kwake hiyo harufu ni sawa na kuandika "hapa ni kwangu".

Ndiyo maana hurudi palepale. Anapenda kitu kilichosimama wima, kisichoyumba, chenye nyuzi ambazo kucha inaweza kunasa. Kona ya kochi ina sifa zote hizo. Vile vitambaa vya kufuma kwa mkono ambavyo nyumba nyingi hutandika juu ya makochi navyo vimejaa vitanzi vya uzi, na kucha hunasa humo kirahisi kuliko kwenye kitambaa chenyewe.

Kwa hiyo sofa mpya ikiwekwa mahali palepale pa ile ya zamani, kwa paka yuleyule, kona yake itakwaruliwa vilevile. Mabadiliko ya paka yaanze kabla ya fundi au duka. Namna ya kufanya iko chini.

ANZA NA MBAO: VIPIMO VITANO VYA NYUMBANI

Vipimo hivi havihitaji fundi. Vinahitaji watu wawili, tochi ya simu na bisibisi.

1. Inua pembe moja
Shika mguu mmoja wa mbele wa kochi refu, unyanyue kama sentimita 15. Kwenye fremu nzima, mguu wa pili wa mbele nao huanza kunyanyuka. Ukibaki chini huku kochi linajipinda, viungo vimelegea au kuna mbao iliyovunjika ndani.

2. Tikisa mikono na mgongo
Shika mkono wa kiti, usukume nje na ndani. Ukicheza kidogo, gundi na skrubu vinaweza kuurudisha. Ukilala kama mlango uliong'oka bawaba, tatizo ni kubwa.

3. Kaa, simama, sikiliza
Mlio mdogo wa springi ni wa kawaida kwa kochi la zamani. Mlio wa mbao kukatika si wa kawaida.

4. Lipindue uangalie chini
Makochi mengi yana kitambaa chepesi cheusi kilichopigwa stepla kwa chini. Kifungue upande mmoja, umulike ndani. Angalia njia za udongo za mchwa, vitundu vidogo vya mviringo, au unga wa mbao unaodondoka. Angalia pia kama mikanda inayobeba sponji imekatika.

5. Choma mbao kwa bisibisi
Mbao nzima hugoma. Iliyoliwa ndani huingia kama mkate. Choma hasa karibu na miguu, maana ndiko unyevu na mchwa huanzia.

Matokeo yasomwe hivi: mkanda uliokatika, mguu uliolegea au kiungo kimoja kinachocheza si sababu ya kuliacha kochi. Hizo ni kazi za kawaida za fundi. Kinachomaliza kochi ni boriti kuu kuliwa, fremu kupinda mwili mzima, au mbao za MDF kunywa maji hadi zikavimba. MDF ikishavimba hairudi, na skrubu haishiki tena.

MNINGA SI WA KUTUPA HARAKA

Kigoma iko kwenye ukanda wa misitu ya miombo, ambako mninga huota. Mbao hiyo inajulikana kwa kutopinda ovyo na kustahimili mchwa kuliko mbao laini kama paini isiyotiwa dawa. Makochi ya zamani katika nyumba za Ujiji na Mwanga, yale ya mbao inayoonekana yenye mito ya kutoa, mara nyingi yalichongwa kwa mbao ngumu ya aina hiyo.

Kochi la namna hiyo likichanwa na paka, hasara ni ndogo kuliko inavyoonekana. Mito inatoka, fundi cherehani anashona foronya mpya zenye zipu, mbao inapigwa msasa na vanishi. Hata fundi wa makochi huenda asihitajike.

Kuliuza kochi la mninga kwa bei ya kutupa, kisha kununua seti inayong'aa ambayo ndani ni vipande vya mbao laini na plaiwudi nyembamba, ni kubadilisha kilicho imara kwa kinachopendeza tu.

Wakazi wa Kigoma wana mfano mkubwa mbele ya macho yao ziwani. Meli ya MV Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Iliwezekana kuirudisha kwa sababu mwili na injini vilikuwa bado vinafaa. Hesabu ya kochi ni hiyohiyo kwa udogo wake: mwili ukiwa mzima, vingine vinabadilishika.

SPONJI: IKO HAI AU IMEKUFA?

Toa mto wa kukalia, ubonyeze kwa goti katikati, kisha uachie. Sponji nzuri hurudi mara moja. Ikibaki na shimo, au ukikaa unahisi mbao chini, imekwisha.

Unene peke yake hautoshi. Sponji hupimwa pia kwa uzito wake, yaani kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo. Kwa kiti kinachokaliwa kila siku, sponji ya kuanzia kilo 28 hadi 32 hukaa muda mrefu kuliko nyepesi, hata kama zote ni inchi tano. Dukani ukikosa maandishi, linganisha vipande viwili vya ukubwa sawa mkononi. Kizito ndicho cha kukalia, chepesi kinafaa mgongoni.

Jambo la kuangalia kwa jicho kali ni vipande vya mabaki. Kuna kazi ambazo sponji inayowekwa ndani ni mabaki yaliyokatwakatwa na kushindiliwa. Siku ya kwanza kiti kinajaa vizuri, baada ya miezi michache kinakuwa na vilima na mabonde. Sponji ionekane kabla haijafunikwa.

MKOJO NA VIROBOTO: HAPA UAMUZI UNAWEZA KUBADILIKA

Kukwarua ni tatizo la sura. Mkojo ni tatizo la afya na heshima ya nyumba. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi Ujiji na maeneo jirani, paka mwenyewe si najisi lakini mkojo wake ni najisi, hivyo kochi lenye mkojo haliwezi kuachwa hivihivi.

Kipimo chake ni pua. Toa mito, nusa sponji yenyewe na mbao za chini, hasa siku yenye unyevu. Mkojo wa paka huacha chembechembe zinazovuta maji ya hewani. Harufu iliyolala wakati wa kiangazi huamka mvua zinapoanza, na Kigoma msimu wa mvua ni mrefu. Anayenunua kochi la mtumba mwezi wa nane anaweza kugundua kasoro hiyo mwezi wa kumi na mbili.

Mkojo mbichi
Kamua kwa kitambaa kikavu bila kusugua. Suuza kwa maji, pitisha siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kamua tena, anika. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha kuona kama rangi haitoki. Sabuni zenye vimeng'enya vya kuvunja mkojo hufanya kazi vizuri zaidi pale zinapopatikana.

Usitumie dawa ya madoa yenye klorini, ile ambayo wengi huiita jiki. Mkojo una amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu na macho.

Mkojo uliozama
Ukishafika katikati ya sponji, ibadilishe. Mbao ngumu inaweza kuoshwa, kukaushwa juani siku kadhaa, kupigwa msasa na kupakwa vanishi. MDF iliyonywa mkojo haioshwi ikapona.

Paka mgonjwa
Paka aliyezoea kujisaidia nje, ghafla akaanza kukojoa kwenye kochi, anaweza kuwa anaumwa. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka awahishwe kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Dume mzima anayenyunyiza mkojo kwenye kuta na makochi kwa kuweka alama, mara nyingi hupunguza au huacha kabisa akihasiwa.

Viroboto
Mayai ya viroboto hudondoka kutoka kwa paka na kuingia kwenye mikunjo ya kochi. Wakiwa ndani ya vifuko vyao, wanaweza kukaa miezi wakisubiri joto la mtu au mnyama. Kubadili kitambaa bila kumtibu paka ni kazi bure. Foronya zifuliwe kwa maji ya moto kama kitambaa kinaruhusu, mito ianikwe juani, mikunjo isafishwe vizuri, na paka atibiwe wakati huohuo.

Tahadhari kubwa: dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin inaweza kumuua paka. Soma kibandiko, au muulize ofisa mifugo kabla ya kumpaka.

HESABU: USIANGALIE BEI, ANGALIA BEI KWA MWAKA

Njia rahisi ya kulinganisha ni kugawa gharama kwa miaka ambayo kitu kitadumu. Mfano ufuatao ni wa hesabu tu, si bei ya soko. Kila mtu aweke namba alizopewa na fundi au duka lake.

Chukulia familia ina seti ya watu saba: kochi la watatu, la wawili na viti viwili vya mtu mmoja.

- Kukarabati kwa Sh500,000, ikadumu miaka mitano: Sh100,000 kwa mwaka.
- Kununua seti ya bei chee kwa Sh900,000, ikadumu miaka mitatu: Sh300,000 kwa mwaka.
- Kuchongesha mpya ya mbao ngumu kwa Sh1,800,000, ikadumu miaka 12: Sh150,000 kwa mwaka.

Hapa kukarabati kunashinda. Lakini paka asipozoeshwa na kitambaa kikaharibika ndani ya mwaka mmoja, ukarabati ule ule unakuwa Sh500,000 kwa mwaka, yaani ghali kuliko vyote. Paka ndiye namba iliyosahaulika kwenye hesabu za watu wengi.

Kanuni ya haraka ni hii: ukarabati ukizidi nusu ya bei ya sofa mpya ya ubora uleule, simama ufikiri mara mbili. Neno la msingi ni "ubora uleule". Kochi la mninga lililinganishwe na la mninga, si na la bei ya chini kabisa dukani.

Kwa Kigoma ongeza usafiri. Seti inayotoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200, na gharama hiyo iko ndani ya bei hata kama haijaandikwa. Kukarabati nyumbani au kwa fundi wa jirani huhitaji guta au kirikuu tu.

Kuhusu mkopo, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka biashara ya kukopesha iwe na leseni. Mkopeshaji asiye na leseni wala mkataba unaosomeka si wa kumkimbilia kwa ajili ya kochi. Kukarabati kuna faida moja hapa: kunaweza kufanywa kwa awamu. Mwezi huu kochi refu, mwezi ujao viti viwili, ilimradi kitambaa chote kinunuliwe mara moja ili rangi isitofautiane.

KITAMBAA GANI KINAFAA NYUMBA YENYE PAKA

Velveti na vitambaa vya nyuzi zilizobana sana
Havina vitanzi vya kunasa kucha, na manyoya hufutika kwa kitambaa kibichi. Ni chaguo zuri kwa nyumba nyingi.

Vitambaa vya nyuzi nene zilizolegea
Vinapendeza dukani, lakini kwa paka ni kama kamba ya kupandia. Kucha moja inavuta uzi mzima.

Leza halisi
Haishiki manyoya wala viroboto kirahisi, ila mkwaruzo ukiingia haufutiki.

Leza ya bandia
Hufutika vizuri siku za mwanzo. Kwenye joto na unyevu, nyingi huanza kubanduka magamba, na tundu moja la kucha huharakisha kazi hiyo. Ikishabanduka haina ukarabati isipokuwa kuondolewa yote.

Vitenge
Kigoma haina shida ya vitenge vizuri, vikiwemo vinavyovuka ziwa kutoka Congo. Kwa mito midogo na foronya za kubadilisha vinapendeza. Kwa kiti cha kukaliwa kila siku ni vyepesi, vitachanika kwenye mishono mapema.

Vipimo viwili dukani: vuta uzi mmoja pembeni kwa ncha ya sindano uone kama unatoka kirahisi, kisha inua kitambaa kwenye mwanga. Kikionyesha matundu mengi, kiache.

Kiasi cha kununua: kwa kitambaa chenye upana wa karibu mita 1.4, kochi la watu watatu huhitaji takriban mita 10 hadi 14, na kiti cha mtu mmoja mita 4 hadi 6, kutegemea umbo. Seti ya watu saba inaweza kufika mita 30. Kitambaa chenye maua makubwa au mistari huhitaji zaidi kwa sababu michoro lazima ikutane. Ongeza mita moja au mbili za akiba, uzihifadhi. Hizo ndizo zitakazotengeneza kona ya kwanza itakayochanika.

KUKUBALIANA NA FUNDI

Ugomvi mwingi kati ya mteja na fundi hutokana na maneno ambayo hayakusemwa mwanzoni. Kauli ya kuanzia iwe ya heshima na ya wazi: "Fundi, kabla hujanitajia bei, naomba tufungue chini tuone mbao."

Kisha mkubaliane haya, yaandikwe hata kwenye meseji ya simu:

- Bei ya ufundi peke yake, na bei ya vifaa peke yake.
- Nani ananunua kitambaa, na mabaki ni ya nani.
- Sponji ya unene gani na uzito gani, nzima au ya vipande.
- Kitambaa cha zamani kitabanduliwa, au kipya kitawekwa juu yake. Kochi lenye mkojo au viroboto lisifunikwe juu kwa juu.
- Mikanda na viungo vilivyolegea vitatengenezwa ndani ya bei hiyo au la.
- Tarehe ya kukabidhi, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya kukalia na kukagua.

Piga picha za kochi kabla halijaondoka nyumbani. Omba pia foronya za kukalia ziwe na zipu ili zifuliwe. Gharama inaongezeka kidogo, lakini kwa nyumba yenye paka inarudi haraka.

Fundi akianza na kiti kimoja kidogo kabla ya seti nzima, mteja anaona kazi yake bila kubeti hela yote.

KAMA JIBU NI KUNUNUA

Kwa sofa mpya, vipimo vitano vya mbao vifanyike dukani au kwenye karakana. Muuzaji mkweli hatakataa kochi lake kupinduliwa. Ikiwezekana, nenda kwa fundi seremala likiwa bado fremu tupu, uone mbao na viungo kabla ya sponji. Mito ya kutoa ni bora kuliko iliyoshonwa moja kwa moja.

Kwa mtumba, ongeza tahadhari ya kunguni. Mulika mishono, chini ya mito na kwenye matundu ya stepla. Vidoa vidogo vyeusi, maganda mepesi ya kahawia au wadudu bapa ni ishara ya kuondoka. Kunguni wanaweza kukaa miezi bila kula, hivyo kochi kukaa stoo muda mrefu si uthibitisho kwamba ni safi.

MZOESHE PAKA KABLA SOFA HAIJARUDI

Siku ambazo kochi liko kwa fundi ndizo nzuri za kuanza, ingawa kuanza wiki mbili tatu kabla ni bora zaidi.

Chukua kipande cha nguzo au boriti chenye urefu wa sentimita 80 hadi 90, ili paka ajinyooshe mwili mzima. Kipigilie kwenye ubao mpana kisiyumbe, maana kikianguka mara moja hatakirudia. Kizungushie kamba ya katani, ibane. Katani ni ya hapahapa Tanzania, ni ngumu, na kucha zinaipenda. Fundi seremala anaweza kukitengeneza kwa vipande vya mabaki.

Kiweke pale pale anapokwarua sasa, si uani. Akikitumia, mpe dagaa mmoja asiye na chumvi. Akishazoea, kisogeze taratibu. Wakati huo kona za kochi zifunikwe kwa nailoni nene au shuka lililobanwa vizuri.

Ncha za kucha zinaweza kupunguzwa kwa kikata kucha kila baada ya wiki mbili au tatu. Kata ncha inayopitisha mwanga tu, usifike kwenye sehemu ya waridi yenye mshipa wa damu. Kung'oa kucha si suluhisho, maana ni kukata pingili ya mwisho ya kidole cha mnyama.

Kumpiga hakusaidii pia. Paka anajifunza kukwarua wakati hakuna mtu.

SOFA YA ZAMANI IENDE WAPI

Isichomwe uani. Sponji ya kisasa hushika moto haraka na moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi, gesi zinazoua. Hatari hiyo ndiyo iliyoifanya Uingereza kutunga kanuni za usalama wa moto za fanicha mwaka 1988.

Kabla ya kuondoa, toa kinachofaa. Mbao ngumu hutengeneza stuli, rafu au ile nguzo ya paka. Miguu, springi na zipu vina wateja kwa mafundi. Sponji safi ya mgongoni inaweza kuwa mito midogo. Sponji yenye mkojo isipewe mtu, iende kwenye taka pamoja na kitambaa chake.

UAMUZI KWA DAKIKA MOJA

1. Je, mbao ni nzima? Hapana: tafuta nyingine. Ndiyo: endelea.
2. Je, kuna mkojo uliozama? Ndiyo: ongeza sponji mpya na kuosha mbao kwenye hesabu. Hapana: endelea.
3. Je, gharama iko chini ya nusu ya sofa mpya ya ubora uleule? Ndiyo: karabati. Hapana: linganisha bei kwa mwaka.
4. Je, paka ana mahali pengine pa kukwarua na amepazoea? Hapana: funika kochi kwa shuka, tengeneza nguzo, subiri wiki chache. Hela haitaoza.